Filimbi Ndefu Moja

4 Februari

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo? Mimi naendelea, ila kwenye simu nakohoa mpaka hatusikilizani, bora niandike. Saratani imeshasambaa mapafu yote. Wameniingiza kwenye majaribio: dawa mbili kwa pamoja, moja ya dripu, nyingine vidonge. Kila moja peke yake wanaijua. Wanataka kuona zikishikana zitafanya nini. Nikamwambia daktari, marefa wawili mechi moja, kazi ipo! Hakucheka, maskini.

Filimbi yangu ya urefa bado iko mfukoni. Unakumbuka? Fupi mbili, chakula tayari. Ndefu moja, rudi nyumbani sasa hivi. Nawe unajibu, "Nanawa mikono!", kumbe uko juu ya ukuta wa jirani. Muongo wewe!

Usije. Kazi yako bado changa.

Baba

20 Februari

Shikamoo Baba,

Unalala? Unakula? Nimelia, halafu huo ukuta ukanichekesha. Huku askari wa barabarani akipiga filimbi tu, mimi nageuka kutafuta sahani. Natamani siku zile mpaka kifua kinauma. Niambie ukweli: nije?

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Salama huko? Usije, nimesema! Picha zinaonyesha uvimbe umepungua. Ngozi inawasha, chakula kina ladha ya msumari, lakini pumzi imerudi. Juzi nimepuliza fupi mbili mlangoni, mtaa mzima ukachungulia. Mama wa nyumba ya pili akauliza, "Watoto wenyewe wako wapi?" Nikamjibu wananawa mikono.

Baba

30 Julai

Shikamoo Baba,

Hali yako? Barua mbili hujajibu, na simu hupokei. Nimekukasirikia, na naogopa. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

21 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nisamehe ukimya. Uvimbe umeanza kukua tena, na daktari amesimamisha dawa zote mbili. Anasema yaliyoonekana kwangu yatawasaidia watakaotibiwa baadaye. Nimefurahi kidogo, sikufichi. Kidogo tu.

Jioni nilikaa kwenye ngazi ya mlango, pale nilipokuwa nakuita. Nikaweka filimbi mdomoni, ikatoka hewa tupu. Nimelia kama mtoto. Nimekukumbuka, mwanangu, na sitaki tena kujifanya shujaa.

Pumzi ya kuipuliza sina, kwa hiyo naiandika: ndefu moja.

Baba

29 Agosti

Baba yangu,

Nimeisikia. Sinawi mikono. Nakuja.

Mwanao