Zilikuwa Mbili

Mkwe,

Chai iko kwenye chupa. ~~Kunywa.~~ Mwachie binti yangu.

Jana ulifuta nakala ndogo ya video ya harusi yenu: "Baba, zipo mbili, tubane nafasi." Zilipokuwa mbili, kompyuta yangu ilichagua yenyewe ile ndogo, ambayo runinga yangu kuukuu inaiweza. Mashine ina akili, wewe una kidole tu. Leo asubuhi imebaki na ile kubwa, ikahangaika kuigeuza iwe nyepesi, ikanguruma hadi jirani akatoka na sanduku akidhani ndege imetua. Kwenye runinga, marehemu mama mkwe wako akaganda mdomo wazi, kabla hajacheka. Kicheko hicho ndicho nilichoachiwa.

Nimeipeleka kompyuta kwa fundi. Viatu vyako vya kazini navyo vilikuwa viwili. Nimebana nafasi.

Baba Mkwe