Msimguse Doria

Mama Salama,

Sikukukuta. Nakwenda hospitali Kibiti. Mbwa wetu Doria nimemfunga nyuma ya jiko, watoto wasimkaribie. ~~Mpe maji.~~ Hapana, maji nimemwekea.

Asubuhi, aliposhindwa kufunga mdomo na mate yakamtiririka, nilidhani amekwamwa na mfupa. Nikatia mkono hadi kooni, mfupa hamna, jino likanichana kidole. Ukacheka: "Haya, daktari wa mbwa, nenda kajitwaharishe!" Nikanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, nikaona yamekwisha.

Kumbe udongo nimeusugulia kidondani. Bwana mifugo kaniambia ninawe tena kwa sabuni robo saa, nikachomwe sindano leo leo. Huenda ni kichaa cha mbwa, huenda ni ugonjwa mwingine. Hata yeye hajui. Mbwa akifa, kichwa kitapelekwa Dar kupimwa. Na juzi tu kafukuza nguruwe mpungani! Sielewi.

Kaka yako Fikirini asimpige rungu. Hakunishambulia, mimi ndiye niliyetia mkono.

Nawe ndiye uliyenishikia taya zake. Nawa kwa sabuni, kisha itazame mikono yako juani. Ukiona hata mkwaruzo mmoja, acha kila kitu, unifuate.

Baba Salama