Pazia la Juu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kibosho tu wazima kwa neema ya Mungu. Babu yako anakohoa, ila misa hakosi.

Unauliza mbona wewe na mumeo mnagombana na kumbe mnataka kitu kilekile. Mwanangu, hata mimi sielewi vizuri. Ngoja nikusimulie ya Moshi mjini, nilipofanya kazi kwa familia ya Kihindi, enzi vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani.

Walifungiwa mapazia ya mota, yanayoshuka ukibonyeza swichi ukutani. Mama mzee wa nyumba, tuliyemwita Ba, alikuwa amepasuliwa macho, mwanga unamchoma kama pilipili. Fundi wa Dar akawa ndani, eti anaifundisha swichi ya chumba cha Ba ilijue pazia lake. Mimi uani, natazama madirisha, nimwambie pazia gani limeitika. Pazia moja likatikisika.

“Dada, ni la juu?” fundi akapaza sauti.

“Ndiyo, la juu!”

Ba akabonyeza. Sebule ikawa giza, kwake jua tele, akalia. Fundi akarudia, nikajibu vilevile, Ba akalia tena. Fundi akatoka amefura.

“Dada, unanitania? Juu ni wapi?”

Nikanyoosha kidole mlimani, lilikoelekea dirisha la sebule; kwetu Kibosho juu ni mlimani. Yeye akanyoosha ghorofani, chumbani kwa Ba.

Tulitazamana, kisha tukacheka. Akaifundisha upya, na pazia la ghorofani likashuka taratibu. Ba akaita kutoka dirishani:

“Sasa naweza kufumbua macho!”

Basi muulizane kwanza juu ni wapi, na Mungu akae hapo kati yenu.

Bibi yako