Gauni Lililonikaa Mimi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mguu wako umeacha kuvimba, na shemeji naye hajambo na kikohozi chake. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Umeniuliza tena na tena habari za gauni la harusi la binti yetu, na mwezi ujao ndio huo umebisha hodi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mdomo wangu unajibu "salama" kabla hujamaliza kuuliza.

Nianze na mwenye kushona, yaani mimi mwenyewe. Daktari anasema kirusi cha ule ugonjwa ulionilaza kilishatoka mwilini zamani. Nikamwambia basi huyo mgeni kaondoka na vyombo vya watu. Akacheka, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nywele zilikuwa zinatoka na kitana, nikazinyoa zote, sasa navaa kilemba. Ncha za vidole hazina hisia. Nikijichoma sindano, najua kwa kuona damu. Nikimaliza kushona pindo moja nalaza kichwa juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Usidhani nalia, Dada. Ningekuwa nalia ningejua pa kuanzia. Sisikii kitu tu, si uchungu si nafuu.

Juzi jirani yetu, yule muuza vipodozi, alikuja kupunguziwa sketi. Akanishika kiuno, akapiga ukelele kwamba loo, nimerudia usichana, nimpe siri ya mlo wangu. Nikamjibu kwamba siri ni kulala chali na kutapika uji. Mpaka leo amenuna, anasema namfanyia choyo.

Sasa hilo gauni. Unajua mimi sina sanamu ya kuvalisha nguo. Tangu binti yetu amalize kukua, mwili wake na wangu umekuwa mmoja, hata wewe ukanitania kwamba nilimzaa mimi ukamlea wewe. Nguo zake zote nimezibania pini mwilini mwangu, mbele ya kioo, na haijawahi kurudi hata moja. Hili nalo nikalifanya vilevile. Mkono umezoea, haukuuliza. Nikabana kifua, nikabana kiuno, nikakata mabaki ya mishono, nikatia zipu.

Wiki iliyopita nikalitundika karibu na lile gauni lake la mahafali, alilolileta nimpandishie pindo. Hili jipya lilikuwa jembamba, Dada, jembamba kama la mtoto wa shule. Kwanza nikalaumu kitambaa, nikasema kimesinyaa. Kisha nikalivaa, nikamwita shemeji yako anifunge zipu. Ikapanda mpaka juu bila kuvutwa. Akasema limenikaa sawasawa. Halafu akakaa kitandani, akajifunika uso kwa mikono, na mimi nikasimama pale namtazama, nikiwaza kwamba pindo limelala vizuri.

Ndiyo hivyo. Kitambaa ulichokichagua kwa macho yako nimekikatia mwili usio wa mwanao. Na nimekuwa nikikwambia nimepona, kumbe nilikuwa nakuficha, maana sikutaka uache maandalizi ya harusi uje kuniuguza. Kipande kilichobaki kinatosha kuunga ubavuni, na nikiweka utepe juu ya maungio hakuna atakayejua. Lakini safari hii lazima bibi harusi aje mwenyewe apimwe. Mimi si kipimo chake tena.

Njoo naye. Futi ya kupimia ushike wewe, vidole vyangu vinaidondosha. Ukishampima yeye, nipime na mimi, kuanzia mabegani mpaka chini, uniandikie. Nguo zote zilizomo kabatini ni za yule mdogo wako wa zamani, na huyu niliye naye sasa hana hata moja ya kwendea harusini.

Nisalimie shemeji, na mwambie binti yetu asikonde. Mmoja aliyekonda anatosha. Mlango hautafungwa mpaka mfike.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi