Kisu cha Siku Kubwa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Shule ya Msingi,
S.L.P. 214.

9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Nisamehe kwa kunyamaza miezi minane. Barua yako ya Desemba ilifika salama. Niliisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya daftari la anwani, na tangu hapo kila nilipolifungua daftari hilo niligeuza ukurasa upesi. Sababu utaiona huko mbele. Usidhani nilikuwa mgonjwa.

U hali gani? Mgongo wako unaendeleaje, maana kusimama mbele ya jiko kutwa nzima si kazi ya mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini? Mkeo hajambo? Na binti yenu mdogo ameshaizoea miwani yake? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua ninapopanda ngazi, lakini halinizuii kwenda nitakako, wala halinizuii kukasirika. Na nimekasirika, ndugu yangu. Leo ni wiki ya tano.

Ni kuhusu kisu.

Katika barua yako uliuliza swali moja fupi: je, kile kisu nilichokuletea kinafanya kazi? Sikujibu kwa sababu kilikuwa hakifanyi. Ulikinunua kwa mshahara wako wa kwanza wa upishi, ukanikabidhi kwa mikono miwili, nami nikakifungia kwenye kabati la vioo pale sebuleni, kando ya vikombe vya harusi yangu. Ufunguo nikauweka mkobani. Nikatangaza kwamba hicho ni kisu cha siku kubwa. Kwa miaka sita kimetoka mara nne.

Sasa tazama upumbavu wetu. Siku kubwa katika nyumba hii hukatwa nini? Si kitunguu. Hukatwa boga la kulisha watu kumi na paja la ng'ombe. Kisu chembamba kama jani, kilichotengenezwa kwa mboga na nyama laini, tulikipumzisha siku zote ambazo kingeweza kufanya kazi, kisha tukakiamsha ili tukitume kupasua mawe.

Na nilionywa. Mpwa wako amesomea upishi miaka miwili, kama unavyojua. Siku moja alinikuta nakigongagonga kisu hicho juu ya boga, kimezama nusu na kimekwama. Akaniomba nimwachie. Alikitoa kwa njia ile ile kiliyoingilia, akakiweka pembeni. Akachukua kisu changu cha zamani chenye bapa nene, akakata kipande upande mmoja wa boga ili likae bila kuyumba, akachoma ncha katikati, akakishusha polepole hadi chini, akaligeuza, akarudia upande wa pili. Boga likafunguka bila kelele. Akaniambia kwamba kisu chembamba kikikwama hakisokotwi kama ufunguo mlangoni, na kwamba mfupa na kitu kilichoganda kisikaribie kabisa. Nikamjibu kwamba nilikuwa nikipasua maboga kabla mama yake hajazaliwa. Nilikuwa na hasira hata nikasahau kwamba mama yake ni mimi.

Mwishoni mwa Juni akapata kazi katika hoteli kubwa. Anaanza tarehe mosi Septemba. Huko kila mpishi huja na kisu chake mwenyewe, na asubuhi ya kwanza hukilaza juu ya kitambaa mbele ya mpishi mkuu, naye hukikagua kabla hata ya kuuliza jina la mtu. Nilikuwa nimemwahidi siku nyingi kwamba siku akiajiriwa, kisu cha mjomba wake kitakuwa chake. Basi nikaandaa chakula cha mchana cha kumpongeza. Nikawaalika majirani, na yule shemeji yangu dereva, mdogo wa marehemu mume wangu, tunayemwita Kanali kwa sababu huamrisha hata birika lichemke.

Paja lilitoka kwenye friji gumu kama tofali. Mpwa wako alikuwa ameniomba nilitoe tangu jana yake liyeyuke taratibu, nami nikasahau. Yeye alikuwa amekwenda kwa fundi cherehani kuchukua sare zake. Kanali akakunja mikono ya shati, akaomba kisu. Shoka la kuni lilikuwa limeegemea mlango wa nyuma, hatua nne kutoka aliposimama. Mimi nikaenda sebuleni, nikafungua kabati.

Hakuomba hata kibao. Aliliweka paja juu ya ukingo wa saruji wa sinki, akaweka makali ya kisu juu ya mfupa, akachukua mchi wa kinu, akapiga mgongo wa kisu. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili likaingia. La tatu likatoa mlio kama wa jino linalokutana na kijiwe ndani ya wali. Kisha, ili kukinasua, akakisokota.

Kisu kilitoka na mapengo mawili karibu na mpini, moja kama punje ya mchele, la pili kama nusu ya harage. Kipande kimoja cha chuma tulikiona ndani ya nyama. Cha pili hatukukiona, kwa hiyo paja zima likatupwa, na wageni walioalikwa kula nyama wakala viazi.

Kanali alicheka. "Kisu gani hiki kinachoogopa mfupa?" akasema. "Shemeji, mdogo wako alikuletea bati."

Mpwa wako aliingia wakati huo, sare zikiwa mkononi. Alikitazama kile kisu, akakigeuza upande wa pili, akakitazama tena. Kanali akamwambia asinune, chuma ni chuma, atamnunulia kingine sokoni. Alimjibu kwa heshima zote.

"Baba mdogo, hiki si kisu cha nguvu, ni kisu cha ukali. Kikinolewa mpaka kufika ukali huo hakibaki na unene wa kuvumilia kupigwa."

Kisha akanigeukia. "Mama, nilikuambia."

Afadhali angepiga kelele.

Niliyomwambia Kanali siku ile sitayaandika, maana posta hupita mikononi mwa watu wenye adabu. Hajakanyaga hapa tena. Ametuma ujumbe kwamba nimemvunjia heshima mbele ya majirani kwa ajili ya kipande cha chuma. Na akae huko huko mpaka ajue kutofautisha kisu na shoka.

Wewe nawe sikuachi. Ulikileta, ukakikabidhi, ukanywa chai, ukaenda zako bila kusema hata sentensi moja juu ya nini kisifanywe. Nilikuwa nimekwisha kukupangia maneno makali kwa hilo. Lakini nilipokuwa nakirudisha kabatini niliinua vikombe kufuta vumbi, nikaiona karatasi niliyoitandika chini yake. Ndiyo iliyokuja ndani ya boksi la kisu. Maandishi yake siyajui, ila ina picha: mfupa umepigwa mkasi wa kosa, pande la barafu limepigwa mkasi, kisu juu ya jiwe kimepigwa mkasi, na kisu juu ya ubao wa mti kimewekewa alama ya vema. Mtoto wa darasa la kwanza angeielewa. Miaka sita nimeweka vikombe juu yake, mimi niliyewakata wanafunzi alama miaka thelathini na mmoja kwa kutosoma maagizo. Kwa hiyo maneno yale makali nimeyarudisha kwa mwenyewe.

Tumekipeleka kwa wanoaji wawili. Wa kwanza, wa nyuma ya soko, ana gurudumu la umeme. Alikuwa ameshaliwasha mpwa wako alipompokonya kisu mkononi, akisema moto wa cheche zile utakiua, hakitashika makali tena. Wa pili ni mzee anayenoa mikasi ya mafundi cherehani kwa mawe na maji. Alipitisha kidole gumba juu ya mapengo, akafikiri.

"Kitapona," akasema, "ila pengo halijazwi. Itabidi nikile kote kwa jiwe mpaka nifike chini yake. Kitarudi kwenu chembamba zaidi, hakitakuwa kile mlichonipa."

Anahitaji siku nne. Mpwa wako hajaamua. Anasema hicho ni jasho la mjomba wake na anaona uchungu kumwachia mtu akipunguze. Wakati huo huo anaona haya kukilaza kisu chenye mapengo mbele ya mpishi mkuu. Nilikuwa na amri tayari mdomoni, kama kawaida yangu. Safari hii nimeifunga humo humo.

Juzi asubuhi nilimkuta jikoni anakatakata vitunguu kwa sehemu ya mbele ya kisu hicho, ile isiyoumia. Vipande vilianguka vyembamba hata mistari ya kibao ilionekana chini yake. Kisu hakikusukumwa, kilipita tu. Miaka sita nimekaa nacho nyumba moja na sikuwahi kuona kazi yake. Nikasimama mlangoni nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mwanafunzi yeyote, na niliyemkasirikia alikuwa amevaa gauni langu.

Nikamwambia, "Si Kanali. Kabati nililifungua mimi."

Hakuacha kukata. Alisema vitunguu vinawasha macho. Nikakubali kwamba vinawasha. Nikauweka ufunguo wa kabati juu ya kibao, kando ya maganda, nikatoka.

Msalimie sana mkeo, na umwambie vitambaa vilifika. Msalimie binti yako mwenye miwani, asome nje kwenye mwanga. Wasalimie mapacha wa marehemu kaka yetu wakija kukutembelea, na uwakumbushe kwamba shangazi yao bado yu hai na anajua kusoma barua. Mungu aulinde mgongo wako, na mikono yako aizidishie wepesi.

Mzee wa mawe anamsubiri mpwa wako mpaka Jumamosi. Kwa vyovyote vile, chembamba au chenye mapengo, kisu chako hakirudi nyuma ya kioo. Atakapoamua, nitaketi siku hiyo hiyo nikuandikie, nikijibu kwanza lile swali lako la Desemba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokaripia,

Mwalimu