Kupatana Bei ya Maumivu

Yaya Masika, mukubwa wangu,

Amani ya Bwana ikukute ukiota moto. Huku hospitali ya Goma vumbi jeusi la volkano linaingia hadi kwenye uji. Jana muuguzi, papa mmoja wa miwani, alileta karatasi. Kansa yangu wanaipata watu wachache sana, kwa hiyo madaktari wanatuuliza pia tunavyoishi nayo.

"Mama Katungu, maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi?"

Unanijua, muuza maharagi. Nikasema kumi, nikingoja apunguze tupatane. Akaandika kumi.

"Papa, unakubali bei ya kwanza?"

"Mama, hapa si soko la Birere. Mutu wa kumi daktari hamuachi atoke. Na ile ndoa ya binti yako unayotuimbia kila siku?"

Nikashika rozari kwa haya, nikamwambia kweli: maumivu ni tatu mchana, nane usiku. Sasa nimepewa dawa ya usiku, na Ijumaa ninatoka, niwahi ndoa.

Mwishoni akauliza maisha yenyewe nayapa ngapi, kutoka moja hadi saba. Nikasema saba, na hiyo haipungui.

Uniwekee sahani ya sombe. Mungu akufunike,
mudogo wako Katungu