Gauni la Anjela

Jumatatu, 11 Juni
Uji, nywele, kucha. Ukungu umekaa migombani tangu asubuhi. Mkurugenzi wa kituo chetu cha watoto kaja na kamera tena. Siku ya kamera watoto wanavuliwa viatu, eti wafadhili waone shida. Viatu tunavyo, halafu tunavificha! Upuuzi mtupu.

Leo kaniambia nimvalishe Upendo gauni la bluu la Anjela. Anjela tulimzika mwaka jana, kifua kilimmaliza. Nikauliza sababu. "Mfadhili wake bado anatuma. Akijua amekufa ataacha." Nimemvalisha. Gauni limemkaa sawasawa, na sikupenda.

Alhamisi, 14 Juni
Nimeshuka Moshi mjini kununua sabuni. Nikaingia intaneti kafe, dada wa pale akanifungulia tovuti ya kituo chetu. Upendo huyo, pekupeku. Chini yake jina: Anjela. Nyuma yake masale mabichi, marefu.

Yesu na Maria. Masale yale niliyapanda mimi mwenyewe, kaburini kwa Anjela, kama tunavyowapandia marehemu wetu huku mlimani. Mkurugenzi ni mtu wa kuja. Yeye kaona majani mazuri tu. Nimeomba nichapishiwe ile picha, nikarudi nayo ndani ya kanga.

Jumapili, 17 Juni
Nimemwita Upendo aje kula. Kimya. Yuko mlangoni, kanipa mgongo. Nikaita tena, wapi. Mwenzake akaita "Anjela!" kwa utani. Akaitika. Watoto walicheka, kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye sahani zao.

Ameanza kukohoa. Kikohozi nakijua. Naogopa, sifichi.

Jumanne, 19 Juni
Mkurugenzi anasema mfadhili anakuja mwezi ujao kumwona Anjela wake. Nimfundishe Upendo kuitika. Nikamwambia anaitika tayari. Kafurahi! Mtu mzima na akili zake, kafurahi.

Nitakwenda Bomang'ombe, ustawi wa jamii. Akinifukuza kazi, na anifukuze. Huyu mtoto sitamzika.

Ijumaa, 22 Juni
Afisa ni mama wa huku huku mlimani, kanizidi umri. Shikamoo, marahaba, nikampa picha. Akaitazama, kidole chake kikasimama kwenye masale. "Mtoto huyu mmemsimamisha kwenye kaburi la nani?"

Nilimwaga yote, na machozi juu. Akasema mtoto wa kituo ana sheria inayomlinda, mpaka sura yake. Hakuna ruhusa ya kumtembeza kama bidhaa, wala kumvika jina la marehemu. Alasiri alipanda mwenyewe na askari. Kamera imechukuliwa, tovuti imeamriwa kufungwa, mkurugenzi kaenda nao kuhojiwa. Kumbe Upendo ana shangazi Mabogini, miezi na miezi anamwomba mkurugenzi ampe mtoto, jamaa anamzungusha tu. Nilitamani kumzaba kibao.

Jumapili, 24 Juni
Shangazi kaja na mchele wa shambani kwake. Kaita "Upendo!" tangu getini. Akaitika mara moja, akakimbia, viatu miguuni. Tangu jana hajakohoa.

Nikatafuta gauni la bluu nilifue. Nimelikuta chini ya masale, limekunjwa vizuri, limelowa ukungu. Nikamuuliza Upendo.

"Nimemrudishia mwenyewe."

"Na jina lake?"

"Hilo alilifuata jana, mama. Alikuja kulichukua."

Nimewasindikiza mpaka barabarani, nikarudi kupalilia masale. Gauni nimeliacha pale pale.